Wafu Wote wa Ngwali

Binti Chaugambo alinipa sindano ya mti na kibunda cha kamba, akanionyesha pale wavu ulipochanika upana wa mlango, akasema, "Bibi, tuone kama mikono yako ina kumbukumbu."

Ilikuwa nayo. Nilifunga fundo la kwanza, nikafunga la pili, nilipofika la tatu akawa ameshakaa kitako kando yangu anatazama. Akamwita mumewe. "Ngwali, njoo uone. Bibi huyu anafunga kama marehemu mama yako."

Ngwali alikuja kutoka ukingoni, miguu imejaa tope hadi magotini. Akainama, akavuta fundo moja kwa kidole. "Mama alifunga vizuri kuliko hivi," akasema. "Lakini huyu ana sura nzuri zaidi. Bibi, huko utokako una mume?"

"Nilikuwa naye. Alikuwa mwongo kama wewe, ila yeye alikuwa na meno yote."

Walicheka nyumba nzima, hata mtoto aliyekuwa mgongoni alicheka kwa kuwaona wenzake. Ngwali akafunika mdomo kwa kiganja, akasema basi tangu leo huyu ni mke wangu, asiguswe na mtu. Tangu siku ile akawa ananiita mke wangu, nami namwita kibogoyo wangu.

Zaituni, niliyesafiri naye, alikuwa kivulini anasuka ukili. Alikuwa anasuka vibaya, mkono mmoja unakwenda mbele na mwingine unaurudisha. Binti Chaugambo akamwuliza kama amechoka, naye akajibu, "La hasha, mama, mimi sijambo kabisa, nakushukuru kwa kunijali." Wakatazamana. Mwanamke mmoja mkubwa wa nyumba ile akaniambia kwa sauti ya chini, "Bibi, huyu mjukuu wako anasema kama mtu anayesoma barua."

Nikainamisha uso kwenye wavu nisionekane. Siku ya kwanza tu nilikuwa nimewahesabu wakati wa kula. Walikuwa kumi na mmoja. Katika karatasi iliyotuleta kwao, wote walikuwa wamekufa kwa maji.

*

Taasisi ya Nyakati wana safari za namna mbili. Mimi elimu yangu ni darasa la nne na chuo cha Kurani, kwa hiyo nitaeleza nilivyoelewa mwenyewe.

Ziko safari za vyombo. Hizo wanakwenda vijana wenye mikoba, wana taa, wana dawa, wana mitambo ya kupima, na wakirudi wana mengi ya kusimulia. Halafu ziko safari kavu. Safari kavu huendi na kitu. Unakwenda na nguo ya zama hizo, miguu yako na ulimi wako, unakaa na watu wa kale wakiwa katika mambo yao, unaona, unasikia, unarudi kusema. Huko hukuti maajabu yoyote. Unakuta watu wanapika. Vijana hawazipendi. Ndiyo maana walianza kututafuta sisi wazee, tuliobaki tunajua kusuka mkeka, kutwanga, kufunga wavu, na kukaa mahali siku nzima bila kuuliza tunaondoka saa ngapi.

Kitu kimoja tu cha kwetu tunavaa, nacho ni kigwe. Ni uzi uliosokotwa pamoja na waya mwembamba, unafungwa kifundoni, anayeuona anadhani ni hirizi. Kigwe kinakurudisha, lakini kinashika pale pale kilipokushusha, wala si popote. Na hakiwezi kukushusha bondeni. Ardhi ya bonde la Rufiji haitulii. Mto unaichimba huku unaimwaga kule, na palipokuwa juu miaka mia mbili na hamsini iliyopita leo pako chini kimo cha watu wawili. Ukitua bondeni utajikuta umezikwa wima. Kwa hiyo walitushusha juu ya mwinuko wa mawe, nyuma ya kijiji cha Mlongwe, tukateremka kwa miguu hadi kwenye mlango wa mkondo ambako Ngwali alikuwa na vibanda vyake na madungu yake, vichanja vya kulindia wavu. Kwa mwendo wangu ni saa nzima kwenda.

Kanuni ziko mbili. Ya kwanza, usimpe mtu wa kale habari asiyokuwa nayo. Ya pili, ukiondoka, usiage.

Tunazishika, maana sote tunamjua Mzee Pazi. Pazi alikwenda safari kavu, akamwona mwanamke anachuma uyoga mbaya, akamkataza. Basi. Aliporudi hakumkuta mkewe. Si kwamba alikuwa amekufa, hakupata kuzaliwa. Pale palipokuwa na nyumba waliyojenga pamoja alikuta shamba la mihogo la mtu mwingine. Hakuna aliyemkumbuka mkewe huyo ila Pazi mwenyewe. Sasa anakaa mapokezi na kompyuta yake, na kila anayerudi lazima amtajie watu wake, mmoja mmoja, naye anatazama kama wapo.

Karatasi yenyewe mimi sikuwahi kuishika. Ilikuwa imeoza, imewekwa ndani ya kioo. Mwalimu mmoja wa zamani aliiandika kwa herufi za Kiarabu, mashine ikaisoma na kuitoa kwa herufi za kizungu, Zaituni akanisomea: *Usiku wa Jumanne maji yakaja, yakachukua wafu wote wa Ngwali.* Baada ya hapo imechanika.

Nilimwambia Zaituni siku ile, "Mwanangu, maji huchukua wazima ndipo wakawa wafu. Wafu wanachukuliwaje?"

Akasema ndivyo walivyokuwa wakisema wa kale. Yeye ana shahada tatu. Nikaliacha.

*

Jumatatu, baada ya adhuhuri, Mwalimu wa Mlongwe alikuja na kalamu yake ya mwanzi na kidau cha wino. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi cha kujitangaza. Wavu ulikuwa umekamilika. Ngwali na wanawe walikuwa wameuchomekea miti, wameuzungusha mlango wote wa mkondo, na kilichobaki kilikuwa dua ya kufungwa kwenye mti wa kwanza.

"Maji yamegeuka rangi," Ngwali alimwambia. "Huko juu kumenyesha. Samaki wanatangulia mbele ya maji, Mwalimu. Leo tunalala hapa wote, juu ya madungu, tuvue mpaka tuchoke. Mafuriko yenyewe hayafiki kabla ya keshokutwa."

"Una hakika?"

"Mto huu nimeuoa kabla ya huyu," akasema, akamwonyesha Binti Chaugambo kwa kidevu. Mkewe akasema basi ukalale nao.

Mwalimu akakunjua kipande cha karatasi juu ya paja, akaanza kuandika. Nilikuwa nimekaa nyuma yake kidogo. Chuoni nilifundishwa kusoma hivyo, kutoka kulia, na macho yangu ya mbali bado mazima. Nikasoma alivyokuwa akiandika. Alianza kwa jina la Mungu. Kisha akaandika, *Ulinde, ewe Mola, wafu wa Ngwali.*

Nikarudia kusoma.

"Mwalimu," nikasema, "mbona unamwandikia mwenzio wafu, na mwenyewe kasimama hapo?"

Akageuka, akanitazama kwa heshima ambayo hakuwa nayo mwanzo. "Bibi, kumbe unasoma?"

"Nasoma kidogo. Hapo ni wafu."

"Hapo ni wavu." Akacheka, akakohoa. "Waarabu hawana *ve*, bibi yangu. Tunaazima *fe* yao. *Fe* hii moja inabeba mizigo miwili. Anayejua habari anasoma wavu, asiyejua habari anasoma wafu. Wewe mwalimu wako alikuwa mtu wa wapi?"

Swali lake lilinipita. Nilikuwa nairudia ile karatasi kichwani. Wafu wote wa Ngwali. Wavu wote wa Ngwali. Herufi ni zile zile, kila kitu ni kile kile, na mdomo ndio unaoamua.

Mwalimu akamaliza, akapuliza wino. Alipokuwa anafunga kidau chake akasema, "Basi mkijaaliwa samaki, mniletee. Usiku wa Jumanne nina kisomo cha marehemu baba, watu watakula kwangu."

"Kesho tutakuletea," akasema Ngwali.

"Kesho ya nini? Nimesema usiku wa Jumanne. Leo hii, jua likizama."

*

Nilimvuta Zaituni mpaka nyuma ya vibanda, nikajifanya nataka anishike mkono nikajisaidie.

"Leo siku gani?" nikamwuliza.

"Jumatatu. Saa tisa imepita. Tuna mpaka kesho alasiri, bibi, usiwe na wasiwasi. Tutaondoka kabla ya—"

"Na jua likizama leo itakuwa lini?"

"Itakuwa Jumatatu usiku."

"Kwenu. Mimi nilipokuwa mdogo, bibi yangu akikwambia usiku wa Ijumaa, ni Alhamisi baada ya magharibi. Siku inaanza kwa giza, mchana wake unafuata. Mwalimu huyu ndivyo anavyohesabu, nimemsikia sasa hivi kwa masikio yangu. Na karatasi ni ya Mwalimu."

Nilimwona Zaituni anahesabu kwa vidole. Sisi wenyewe tulikuwa tulale pale.

"Tunakwenda sasa hivi," akasema. "Tunachukua mitungi kama tunakwenda kisimani, tunapita nyuma, haturudi."

"Subiri. Kuna la pili." Nikamwambia habari ya *fe*.

Huyu binti namheshimu. Alitumia miaka minne kuwatafuta watu hawa wa mlango wa mkondo, na kitabu chake chote kilikuwa juu ya nyumba iliyokwisha kwa usiku mmoja. Hakubishana nami hata kidogo. Akachora chini kwa kidole herufi tatu, waw, fe, waw, akaziangalia muda mrefu.

"Inawezekana," akasema. "Wafu wote, wavu wote. Hata sarufi haikatai. Mashine iliona maji, iliona mafuriko, ikachagua kifo." Akazifuta kwa kiganja. "Lakini bibi, haibadili kitu. Kama ni wavu, watapona wenyewe, hawatuhitaji. Kama ni wafu, haturuhusiwi. Vyovyote vile, sisi tunaondoka kimya kimya."

"Umemsikia Ngwali. Wavu huo ameufunga misimu miwili. Unamwona anauacha usiku samaki wanapokuja?"

"Hapana."

"Wote wanalala hapa?"

"Wote." Akanishika mkono. "Bibi, unajua kwa nini waliandika usiage."

"Najua. Ukiaga, wanakusindikiza."

Kule mbele Ngwali alikuwa anamkaripia mtu juu ya fundo. Kutoka mlango wa mkondo hadi kwenye mwinuko ni mwendo wa saa nzima, kwa miguu yangu. Ilikuwa saa tisa na kitu.

"Hutawapa habari yoyote," Zaituni alisema polepole. "Utaaga tu. Hila hiyo, bibi. Utakuwa umewatoa wewe."

"Na nikiondoka kama mwizi nitakuwa nimewaacha mimi. Siku tatu nimekula chakula chao."

"Na Mwanahija?"

Hapo alinipata. Mwanahija ni mjukuu wangu, ana miaka mitano, analala ubavuni kwangu na mguu wake ananipandishia mbavuni kila usiku hadi napata maumivu. Kwetu ni huku huku Rufiji. Watu kumi na mmoja wakibaki hai wataoa, wataolewa, watalima pale ambapo mwingine angelima, na nani ajuaye ni mlango gani utafungwa mpaka kufika kwa mama yake Mwanahija. Nilimwona Pazi na shamba lake la mihogo. Nikakaa chini kwenye kisiki. Sitaki kusema sikuogopa.

Zaituni hakuniharakisha. Nikamwuliza, "Kanuni zimewekwa tusibadili kilichotokea. Haya, kilichotokea ni nini?"

"Hatujui."

"Mimi sijui, wewe hujui, mashine ilibahatisha. Karatasi yenyewe Mwalimu hajaiandika. Kanuni hizo ni za mtu anayejua. Sisi tuna *fe* moja na watu kumi na mmoja. Nikikosea upande mmoja nitalia mimi. Nikikosea upande wa pili watakufa hawa, na yule mtoto wa mgongoni. Nitarudi nimkumbatie Mwanahija kwa mikono gani?"

Akatazama chini pale alipofuta zile herufi. Yeye ndiye kiongozi wa safari, angesema hapana ningemfuata, kwa manung'uniko lakini ningemfuata. Akasimama, akajifunga nguo yake vizuri kifuani.

"Utaaga wewe," akasema. "Mimi Kiswahili changu wanakicheka."

*

Binti Chaugambo aliudhika. Mgeni gani anaondoka alasiri? Tumemkosea nini? Kuku wa kesho ameshachaguliwa. Nikamwambia hamkutukosea, mmetuweka vizuri kuliko tulivyostahili, lakini wenzetu wanatungoja kule juu na miguu yangu haijui kukimbia. Hiyo ilikuwa kweli tupu, kila neno.

Akaingia ndani akatoka na unga kwenye kikapu. Akawaita wakwe zake na watoto. "Haya, tumsindikize bibi."

Ngwali alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni. "Nendeni," akapaza sauti. "Mimi nabaki na wavu. Na wanangu wawili wabaki."

Watatu. Nilimtazama Zaituni, naye akatazama pembeni.

Nikatembea mpaka ukingoni, nikashika kiuno. "Kibogoyo wangu," nikasema, "siku tatu unaniita mke. Mke wangu huku, mke wangu kule, asiguswe na mtu. Leo mkeo anaondoka, unampa wanawake na watoto wamsindikize. Huko niendako wakiniuliza ulikuwa na mume gani, niseme alikuwa ndani ya maji amekumbatia mti?"

Mwanawe mkubwa ndiye aliyeanza kucheka. Halafu mkwewe. Binti Chaugambo akapiga makofi mara moja, akasema, "Jibu sasa, bwana mume."

"Samaki wanakuja," Ngwali akasema.

"Waje. Wakikuta hupo watakungoja, wamezoea kukaa na mtu asiyewatafuna."

Alijaribu kununa, ikamshinda. Alitoka majini na wanawe wote wawili, anachuruzika, anasema mwanamke huyu ningemwoa kweli ningeshakufa zamani. "Nakufikisha kwenye mawe, narudi. Kabla ya magharibi nataka niwe juu ya dungu langu."

Nikatembea. Wallahi sikujikokota kwa makusudi, goti langu la kushoto lilifanya kazi hiyo bila kuombwa. Walinipokeza mikono, mara huyu, mara yule. Tulipita Mlongwe kwa nyuma, Mwalimu akatuona kutoka barazani, akasema mgeni wa kusindikizwa na ukoo mzima hivi lazima ameiba kitu. Tukapanda. Jua lilikuwa limeshuka tulipofika kwenye mawe, lakini bado lilikuwa juu ya miti. Chini yetu bonde lilikuwa kimya, na ile miti ya wavu ilionekana midogo kama vijiti vya kuchokolea meno.

"Haya," Ngwali akasema. Akanishika mikono yote miwili. "Nimesindikiza. Mungu akufikishe, mke wangu." Akageuka, akawaita wanawe.

Sikuwa na kitu kingine. Mzaha ulikuwa umekwisha, adabu ilikuwa imekamilika, hakuna mtu wa mahali popote angeweza kumzuia mtu aliyeshaaga. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nakwenda kusema yote, maji, karatasi, Jumanne, liwalo na liwe, na nilishavuta pumzi.

"Baba," Zaituni akasema.

Ngwali akageuka. Zaituni alikuwa amesimama wima, mikono ameiweka mbele kama mtoto wa shule.

"Baba, niwie radhi. Sisi ni wanawake wawili nasi tunakabiliwa na mwendo mrefu. Tafadhali usituache pasipo kutuombea dua."

Hapo mkwewe yule akauma kidole asicheke. Ngwali alitazama jua, akatazama wavu wake kule chini, akamtazama binti huyu anayesema kama barua. Nadhani kilichomshinda ni kwamba hakuna aliyepata kumwomba kitu kwa maneno mazito namna hiyo.

"Kaeni," akasema.

Tukakaa juu ya mawe, viganja juu. Ngwali aliomba kama mtu aliyengoja nafasi hiyo tangu ujanani. Aliombea miguu yangu, akatuombea kinga dhidi ya jicho baya la njiani, simba, nyoka, wenyeji wabaya. Alimwombea Zaituni mume mvumilivu. Akaanza kuwaombea wazazi wake, kisha wazazi wa mkewe, akiwataja, na kila mmoja alikuwa na sifa zake. Watoto wakaanza kusinzia. Mkewe alijikohoza mara mbili, wapi. Jua likagusa miti, likazama.

Mngurumo tuliusikia katikati ya amina.

Mwanzo ulikuwa kama lori linalopanda mlima mbali. Ngwali akanyamaza na viganja vyake juu. Ukaja upepo wenye harufu ya udongo na majani yaliyopondeka. Halafu kwenye pembe ya mto, upande wa juu, tuliona ukingo unasogea. Maji yalikuja mapana, ya rangi ya udongo, hayakuwa na haraka ya kuonekana, lakini miti iliyokuwa mbele yake ilikuwa imesimama na mara haikuwapo. Yalifika kwenye vibanda, yakapita. Dungu la kwanza liliinama taratibu kama mtu anayerukuu. La pili halikuinama, lilikwenda zima. Miti ya wavu ikaanza kung'oka mmoja baada ya mwingine, na kwa kitambo kidogo wavu wenyewe ukaonekana juu ya maji, umekunjuka wote, mweusi, mpana kuliko nilivyodhani, kisha ukavutwa chini.

"Wavu wangu," Ngwali akasema. Hakupiga kelele. Alishusha viganja. "Yamechukua wavu wangu wote."

Zaituni alikuwa amenishika mkono, na aliposikia lile neno alinibana mpaka kucha zikaniingia.

"Nyamaza, Ngwali," Binti Chaugambo akasema. Alikuwa anapita kati ya watu wake anagusa vichwa, kimoja kimoja, midomo inatembea. Alipofika cha kumi akagusa chake mwenyewe. Akaanza upya tangu mwanzo, kana kwamba hakuamini hesabu. "Nyamaza kwanza. Nyamaza."

Kutoka Mlongwe tulisikia Mwalimu anaadhini magharibi. Sauti yake ilitetemeka, lakini alimaliza. Jumanne ilikuwa imeingia.

Migongo yao yote ilikuwa kwetu. Hawakutuona tunarudi nyuma ya jiwe kubwa, pale kigwe kinaposhika, na hapakuwa tena na haja ya kuaga mara ya pili.

*

Mzee Pazi hakutuuliza safari ilikuwaje. Huwa haulizi. Alivaa miwani, akawasha kompyuta yake, akasema, "Taja watu wako."

Hapo goti lilisahau kuuma. "Mwanangu Sudi Mkumba."

Akaandika, akangoja. "Yupo."

"Mwanangu Havintishi."

"Yupo."

"Mkwe wangu, mama Mwanahija, Siwatu binti Likwati."

Mashine ilifikiri. "Yupo."

"Mwanahija." Sauti ilitoka ndogo, ikabidi niseme tena. "Mwanahija Sudi."

"Yupo, bibi. Miaka mitano. Ameandikishwa shule wiki iliyopita, mwalimu ameandika hapa kwamba hanyamazi."

Niliegemea meza yake nikalia, na Pazi akanipa kitambaa chake bila kuniangalia. Zaituni akataja wa kwake. Wote walikuwapo, hata shangazi yake mmoja ambaye, alisema, asingelalamika sana kumkosa.

Nilipojifuta uso nikamwambia Pazi, "Tafuta na Ngwali."

"Ngwali si ndio hao mliowaendea? Walikwisha."

"Nani alitafuta?"

Pazi alimtazama Zaituni. Zaituni akasema, "Hakuna. Karatasi ilisema wamekufa, hatukuona sababu ya kutafuta." Alikuwa amekunja uso, si kwa hasira. "Miaka minne, bibi. Sikuwahi kuandika jina hilo kwenye daftari la walio hai."

Pazi akaandika. Alisoma kwa muda. Akasogeza ukurasa, akasoma tena, akavua miwani na kuivaa. "Wamejaa," akasema. "Wako Mlongwe, wako Utete, wako mpaka Lindi. Huyu hapa namjua. Huyu mama ndiye anayetuletea samaki Alhamisi."

"Jana walikuwapo?" Zaituni akamwuliza.

"Samaki wa Alhamisi niliwala. Lakini kama yeye alikuwa Ngwali..." Akafikiri, maana yeye ni mtu wa kusema kweli katika mambo hayo. "Sikuwahi kumwuliza jina."

Basi hatukujua, na mpaka sasa sijui kama tuliwatoa sisi, au karatasi ilikuwa imesema wavu tangu mwanzo ikitungoja. Mtu mwenye shahada tatu naye hajui. Lakini Pazi hakuifunga kompyuta. Aliendelea kuteremka na majina yale, Ngwali mmoja mmoja, anayasoma kwa sauti ya chini, na kila jina alilolisoma alilisindikiza na neno lile lile, yupo, yupo, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Zaituni akavuta fomu ya taarifa. Mimi naijua, nimeijaza mara sita. Karibu na mwisho kuna swali: *Je, mliondoka bila kuaga?* Anayejibu hapana hapewi kigwe tena. Alilishikia kalamu swali hilo muda mrefu.

"Bibi," akasema, "naweza kuandika ndiyo. Hakuna shahidi."

"Kuna watu kumi na mmoja."

Akatabasamu. Akaandika hapana, akaweka mstari chini yake. Palikuwa na nafasi ya maelezo, akaanza kuijaza kwa mwandiko wake ule wa kisomi, tuliaga, tukasindikizwa na wenyeji wote, idadi yao. Hapo akasimama.

"Kumi na mmoja niandike kwa tarakimu au kwa herufi?"

Nikamwambia aandike kwa vyote viwili.